Kizuri hakijiuzi, kinauzwa na midomo yetu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote wanaoandaa ukurasa wa burudani, huwa nauanza huo kabla hata ya siasa na nimefanya hivyo miaka mingi. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita mliweka sentensi moja pale imenikaa kichwani mpaka sasa, mlisema filamu nzuri haihitaji mtu wa kuisemea maana kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali naijua na naipenda ila kwenye muvi, miziki, sizoni na vitabu mimi naona haiko hivyo kabisa. Kizuri hakijiuzi. Kinauzwa na mtu mmoja aliyemwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwingine, na wakinyamaza tu hapo katikati basi kile kizuri kinajifia hakuna hata anayejua kiliwahi kuwepo. Na nadhani wengi wetu hatujui tunafanya kitu kikubwa kiasi gani tunapofungua mdomo kusema "achana nayo hiyo".

Hebu kila anayesoma barua hii akumbuke vitu vitatu vya mwisho alivyoangalia au kusikiliza alafu ajiulize alivijuaje. Mimi nilifanya hivyo nikakuta kimoja nimeambiwa na dada yangu, kingine watu walikuwa wanakibishania kwenye grupu la WhatsApp nikaona nisipokiona nitakuwa nje ya maongezi, cha tatu nilikikuta tu kwenye simu kimewekwa pale juu kimeandikwa namba 1 leo nikabonyeza. Hicho cha tatu hata jina nimeshasahau. Cha dada nilikimaliza siku mbili, kwa sababu dada ananijua, anajua sipendi vitu vya kutishana usiku, anajua kitu cha mahakamani nikikianza sikiachi, kwa hiyo akiniambia angalia hiki anakuwa ameshanichujia tayari. Namba inajua wangapi wameangalia ila mimi hainijui.

Ngoja niwape mfano wa mtu aliyenifundisha hili bila yeye mwenyewe kujua. Kulikuwa na mzee mmoja tunafanya naye kazi, mtu wa maneno machache. Ijumaa moja tumesimama mlangoni tunasubiri mvua ipungue tuondoke, mimi nalalamika kwamba wikiendi imefika na sina cha kuangalia. Hakuniambia kuna muvi kali. Alikaa kimya kidogo alafu akaanza tu: kuna jamaa kafungwa jela kwa kumuua mke wake, mwenyewe anasema hajaua, siku moja wafungwa wako juu ya paa wanapaka lami, mkuu wa askari anawalalamikia wenzake kwamba kapata urithi na serikali itaula kwa kodi, sasa huyu mfungwa anaacha kazi yake, anamfuata yule askari, anamuuliza kama anamwamini mke wake. Yule askari akamkwida, akamburuta mpaka ukingoni mwa paa amtupe chini. Mzee akaishia hapo hapo. Akaangalia nje, akasema mvua imepungua, akavaa kofia yake akaondoka. Mimi nilimfuata mpaka nje namuuliza sasa alimtupa au hakumtupa, akacheka akaniambia jina la filamu.

Filamu yenyewe ni The Shawshank Redemption na habari yake ndo inanifanya nibishane na ile methali. Ilitoka 1994, gharama za kuitengeneza zilikuwa kama dola milioni 25, ilipoingia majumba ya sinema Marekani mara ya kwanza ikaingiza kama milioni 16 tu, yaani hasara. Ikapendekezwa Oscar mara 7 haikubeba hata moja. Kwa hesabu za kawaida hapo habari ingekuwa imeisha. Lakini 1995 ikaja kwenye kanda za video, watu wakaanza kukodisha, aliyekodisha akamwambia jirani, ikawa miongoni mwa kanda zilizokodishwa kuliko zote Marekani mwaka ule, alafu kuanzia 1997 kituo cha televisheni cha TNT kikawa kinairudia rudia na watu wakazidi kuambiana. Mwaka 2008 ikapanda namba 1 kwenye orodha ya tovuti ya IMDb ya filamu zinazopewa alama nyingi na watazamaji. Sasa niambie Mhariri, kati ya 1994 na 2008 kuna kitu kilibadilika ndani ya ile filamu? Hakuna, waigizaji wale wale, paa lile lile, lami ile ile, kilichoongezeka ni watu wa aina ya yule mzee.

Na siyo hiyo peke yake. My Big Fat Greek Wedding ya 2002 ilianza kwenye majumba 108 tu ya sinema, iligharimu kama dola milioni 5, hakuna wikiendi hata moja iliyowahi kushika nafasi ya kwanza Marekani, ila watu waliendelea kuitana mwezi baada ya mwezi mpaka ikaingiza zaidi ya milioni 240 Marekani na Kanada peke yake. Titanic nayo wikiendi ya kwanza Desemba 1997 ilipata kama milioni 28, pesa nyingi ndiyo ila siyo za kutisha kwa filamu iliyogharimu milioni 200, kilichotisha ni kwamba ilikaa juu wikiendi 15 mfululizo wakati filamu nyingi wiki ya pili tu mapato yanaporomoka. Tangazo linaweza kumtoa mtu nyumbani wikiendi ya kwanza, wiki ya tano anatolewa na rafiki yake. Wenye makampuni wanalijua hili vizuri sana, ndo maana kule Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuna kampuni ya CinemaScore ambayo watu wake wanasimama kwenye majumba ya sinema usiku wa kwanza wanawauliza watazamaji waipe filamu alama kama za shule, A mpaka F, maana wanajua yule mtu akifika nyumbani ataongea.

Wasomi waliliona zamani. Mwaka 1945 watafiti wakiongozwa na Paul Lazarsfeld waliwahoji wanawake 800 katika mji wa Decatur, Illinois, Marekani, wakawauliza wanaamuaje nini cha kununua, nguo gani za kuvaa, filamu gani ya kwenda kuona, na kitabu kilichotokana na kazi hiyo, alichokiandika na Elihu Katz, kilitoka 1955. Wakakuta maneno ya mtu kwa mtu yana nguvu kuliko redio na magazeti. Kilichonivutia mimi ni kwamba kila jambo lilikuwa na watu wake wa kuulizwa, kwenye manunuzi ya nyumbani walioulizwa walikuwa akina mama wenye familia kubwa, kwenye filamu walioulizwa walikuwa mabinti ambao hawajaolewa. Hawakuwa mastaa wala watu wa vyeo, walikuwa watu wa kawaida tu ila wenzao wanajua kwamba huyu muvi anazijua. Kila ofisi na kila familia ina mtu wa hivyo mpaka leo, na wengi wao hata hawajui kwamba wao ndo hao.

Sasa nisije nikaonekana nasifia tu kuambiana kana kwamba hakukosei. Kunakosea, na kuna jaribio moja huwa nalikumbuka kila nikiona neno "inatrendi". Watafiti watatu, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walilitoa kwenye jarida la Science mwaka 2006. Walichukua nyimbo 48 za bendi zisizojulikana wakaziweka kwenye tovuti, watu zaidi ya 14,000 wakaja kusikiliza na kudownload wanazopenda. Kundi moja halikuonyeshwa chochote zaidi ya majina ya nyimbo na bendi, kila mtu anachagua kwa masikio yake mwenyewe. Wengine waligawanywa kwenye vyumba nane tuseme, kila chumba unaona wimbo gani umeshachukuliwa na wangapi wa chumba chako ila vyumba vingine huvioni. Nyimbo ni zile zile, wote wameanza sifuri. Kama kizuri kinajiuza si vyumba vyote nane vingetoa washindi wale wale? Havikutoa. Wimbo unashinda chumba hiki, chumba kile uko katikati huko hakuna anayeujali. Zile nzuri kabisa ilikuwa nadra kushika mkia na zile mbovu kabisa ilikuwa nadra kushinda, ila zile za katikati ambazo ndo nyingi yaani chochote kinaweza kutokea, inategemea wale wachache wa mwanzo walibonyeza nini.

Baadaye wawili kati yao, Salganik na Watts, wakafanya lingine, wakaigeuza ile orodha makusudi, wa mwisho wakamfanya aonekane wa kwanza. Waliokuja wakadanganyika, nyimbo zilizokuwa hazina watu zikaanza kupata watu kweli. Wahenga walisema lisemwalo lipo na kama halipo laja, hapo ndo niliielewa hiyo methali. Nzuri kabisa zilianza kurudi juu polepole, lakini jambo jingine lililotokea ndo linaniuma zaidi: kwa jumla watu walidownload nyimbo chache kuliko kawaida. Maana yake ukiwadanganya watu kuhusu kilicho kizuri hawaishii tu kuchukua kibovu, wengine wanaondoka kabisa. Nawajua watu walioacha kusikiliza miziki mipya kwa sababu kila walichoambiwa ni moto wakikisikiliza wanakuta majivu.

Kwa upande mwingine yuko mchumi Enrico Moretti ambaye kazi yake ilitoka 2011, yeye aliangalia filamu zilizopata watu wengi kuliko ilivyotegemewa wikiendi ya kwanza akakuta zinaendelea kupata watu wiki zinazofuata, na zilizoangusha matarajio zinazidi kuanguka. Ila pale ambapo idadi ilibadilika kwa sababu ya hali ya hewa tu haikuwa na athari hiyo baadaye. Yaani watu hawakufuata wingi wa kichwa kichwa, walisikia wenzao wamependa au hawajapenda. Kwa hiyo kuambiana kunabeba ukweli pale kunapotoka kwa mtu aliyekaa akaangalia, kunapoteza ukweli pale inapobaki namba peke yake. Mimi nawaomba mlishike hilo hapo gazetini, kwa sababu siku hizi ukurasa wenu umejaa namba. Wangapi wameangalia, wangapi wamelaiki, imefikisha milioni ngapi kwa siku ngapi. Mara ya mwisho kusoma kwenu mtu anasema niliangalia hiki na hiki ndicho nilichokiona sikumbuki.

Namba na sifa zenyewe nazo zinachezewa. Mwaka 2001 iligundulika kampuni ya Sony Pictures ilikuwa inatumia kwenye matangazo yake sifa za mhakiki anaitwa David Manning ambaye hayupo duniani, walimtunga wenyewe, ikaishia kesi na 2005 wakakubali kurudishia watazamaji dola 5 kwa tiketi. Huyo alikuwa mmoja kwenye matangazo ya magazeti, leo komenti za kununua ziko kila mahali mpaka Tume ya Biashara ya Marekani 2024 ikatunga kanuni ya kupiga marufuku maoni feki. Na hata bila feki, kuna jaribio la 2013 kwenye tovuti ya habari ambapo watafiti walikuwa wanaipa komenti laiki moja tu ya bahati nasibu mara inapotoka, mwishowe alama za komenti hizo zilikuwa juu kwa asilimia 25. Laiki moja.

Yote hayo ni ya mbali, la karibu ni hili na sijawahi kulisema hadharani. Nina rafiki yangu wa kike tangu shule, tunaambiana kila kitu. Kuna sizoni moja niliipenda sana, episodi 8, nikamwambia rafiki yangu huyo, "angalia hii, ni kali, utanishukuru". Sikusema zaidi, niliogopa kumharibia uhondo. Kipindi hicho mama yake alikuwa amelazwa na mimi nilikuwa najua, nilikuwa nimekwenda kumuona. Katika hiyo sizoni mama wa yule mhusika mkuu anaugua na episodi ya tatu anafariki, wameionyesha taratibu mno, chumba cha hospitali, binti anamchana nywele mama yake. Mimi hiyo sehemu ilinigusa ndo maana nikaisifia. Rafiki yangu aliiangalia usiku peke yake karudi kutoka hospitali. Asubuhi alinitumia meseji moja tu, "kwa nini hukuniambia".

Sikuwa na jibu. Niliomba msamaha na alinisamehe, lakini lile swali nimekaa nalo. Nilikuwa nimempa sifa badala ya kumpa habari. Ni kali. Ni kali maana yake nini? Inachekesha? Inaliza? Inafaa ukiwa na watoto sebuleni? Inaanza taratibu kwamba uvumilie episodi mbili? Mzee wa kazini hakutumia neno la sifa hata moja, alinipa tukio, nikajua kuna jela, kuna ukatili, kuna mtu mwenye akili na roho ngumu, nikaamua mwenyewe kama wikiendi hiyo nataka vitu vya namna hiyo. Na hakumwaga mtama, mwisho sikuujua mpaka nilipoiona. Kumbe inawezekana kumwambia mtu cha kutosha bila kumkatisha uhondo, ni kukaa tu ukamfikiria yule unayemwambia, yuko kwenye hali gani leo, siyo kufikiria ulivyofurahi wewe.

Jambo jingine, neno baya lina nguvu kuliko neno zuri. Judith Chevalier na Dina Mayzlin mwaka 2006 walichunguza maoni ya vitabu kwenye maduka mawili ya mtandaoni wakakuta alama ya nyota moja inaangusha mauzo kuliko nyota tano zinavyoyapandisha. Ukifikiria ni haki, nyota tano unaweza kuhisi kaandika ndugu wa mtunzi. Ila maana yake mtu anayeponda kitu ana mzigo mkubwa zaidi mabegani, na sisi tunaponda kirahisi sana, mtu kaona treila ya dakika mbili anaandika takataka, mwingine kasinzia katikati anasema haina stori. Kazi za vijana wanaoanza, wasio na pesa ya matangazo, wanategemea midomo yetu tu hawana kingine, zinaweza kuishia hapo hapo kwenye ile komenti ya tatu. Nikisema usiiangalie niwe nimeiangalia. Nadhani siyo kuomba kikubwa.

Mhariri, ombi langu ni moja. Pale kwenye kona mnapoweka zinazotrendi, punguzeni hata nusu yake muwape wasomaji. Mtu aandike mistari mitano au sita kuhusu muvi, sizoni, albamu au kitabu alichokimaliza mwenyewe, cha zamani au kipya haijalishi, na masharti yawe haya: aeleze tukio moja au sehemu moja aliyoiona kwa macho yake au kuisikia, aseme inamfaa nani, na aseme nani asiiangalie kwa sasa na kwa nini. Maneno kama moto, kali, si ya kukosa, myafute kabla ya kuchapa. Msiweke nyota wala idadi. Na mkigundua mtu kalipwa kuandika mseme wazi kwenye kona hiyo hiyo.

Mkikubali natuma ya kwanza mimi. Nitaandika kuhusu ile sizoni ya episodi 8, nitaeleza yule binti anavyochana nywele za mama yake polepole akianzia nyuma ya sikio, na chini yake nitaandika kama una mgonjwa hospitali iache kwanza, itakusubiri.

Msomaji wenu wa ukurasa wa burudani